Dakika Ishirini Hadi Mikumi

Mikumi, 9 Aprili 1973

Kornelio mume wangu,

Salamu nyingi huko Tanga kazini. Mimi sijambo, nanyonyesha. Mahindi yetu anayapalilia dada yako Costancia.

Uchungu ulinishika Kilosa wakati barabara imekatwa na mafuriko. Ndege ndogo iliyoleta dawa ikanichukua kunileta hospitali hapa. Rubani akasema, "Ni kilomita hamsini na tano, mama, dakika ishirini tu."

Nikamwambia, "Basi nihesabie."

Akanihesabia zote kwa sauti.

Walikuwa mapacha. Wa kiume hakulia. Tumemzika hapa Mikumi. Wa kike ana masikio yako, nimemwita Letisia, jina la mama yako.

Njoo upesi. Umbebe huyu, kisha unishike mkono twende kwa mwenzake.

Mkeo akupendaye,
Ida