Kinanda Kilichopanda Ngazi

Jumanne, 29 Aprili

Nimepepeta kunde asubuhi nzima. Nusu wadudu. Mvua ilichelewa hapa Dadamu, kisha ikaja yote kwa mkupuo, na muhogo wangu umelala upande. Mume wangu, Mzee Andama, ameketi barazani na goti lake bovu, redio inasema na yeye hasikilizi. Nikimaliza kunde nafuta meza. Nikifuta meza vidole vinaanza vyenyewe kupiga nyimbo juu ya mbao. Mzee hugeukia upande wa pili. Anadhani sijui kwamba ameona.

Miaka miwili sasa tangu wanitoe kwenye kinanda cha kanisa. Hawakusema wananitoa. Mchungaji alisema nipumzike. Sauti ya zamani, alisema, vijana wanataka kuchangamka. Nikapewa beseni la plastiki na makofi. Ndilo hili lenye kunde. Felix, kijana wa kwaya, akaleta kibodi yake, na magitaa, na spika za kuua popo. Anapiga vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Leo mpwa wa Mzee, dereva wa lori, amepita kunywa chai. Anasema Koboko kuna mwanamke anauza vyombo vya mitumba, na ana kinanda kikubwa cha umeme, cha mbao, chenye safu mbili za vibonye na vingine vya kukanyaga kwa miguu. Chakula cha jioni kimenishinda.

Ijumaa, 2 Mei

Koboko. Matope na pikipiki. Mwanamke anaitwa Keji, ametoka Yei, ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita, hakurudi. Duka lake liko kwenye barabara ya kwenda mpakani. Kinanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, juu yake amepanga chupa za chai na vikombe vya kuuza. Alikipata kwa wageni waliohama. Hajui umri wake. Mimi naujua: ni rika la kile alichonifundishia mwalimu wa misheni nikiwa msichana. Vibonye vimegeuka manjano. Swichi zina rangi za peremende, moja ya walzi, moja ya rumba.

"Mama, hii iko nzito kama ng'ombe," Keji akasema. "Wewe nataka fanya nini na yeye?"

Nikamwonyesha soketi kwa kidole. Akaondoa vikombe, akachomeka waya. Kikanguruma, kikanuka vumbi la kuungua, kisha kikatulia. Nikavua viatu. Vibonye viwili havisemi kabisa, kimoja kinajisemea hata usipokigusa. Nikapiga. Mguu wa kushoto ulikumbuka kabla yangu. Watu wakasimama barabarani. Keji akalia, hakuniambia sababu, nami sikuuliza. Sitaki huzuni za watu, zangu zinanitosha.

Bei siiwezi. Nimerudi Dadamu nimenuna kama mtoto.

Jumanne, 6 Mei

Mzee ameuza dume lake. La pekee. Hakuniambia neno. Ametoka asubuhi na ng'ombe kwenye kamba, amerudi na kamba. Akaweka pesa juu ya meza, pale pale vidole vyangu vinapocheza, akasema goti linamuuma, akaenda kujilaza.

Nilikasirika. Kisha nikalia jikoni. Hasira ilitangulia, sijui kwa nini.

Jumamosi, 10 Mei

Kimefika kwa lori la mpwa, kimefungwa kwenye magodoro. Wanaume wanne walikishusha wakilaani. Kiko sebuleni, meza imetoka nje. Umeme ulikuwapo, maajabu ya mwaka. Nimepiga hadi kiuno kimegoma. Mzee akasogeza kiti chake mlangoni. Nilipobonyeza rumba alicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu aache udereva. Furaha. Naliandika neno lenyewe nisije nikalikana baadaye.

Kesho nakipeleka kikaombewe. Mzee hataki. Anasema Mungu anaijua njia ya Dadamu, akitaka kukibariki atakuja. Nikamwambia pikipiki zinaombewa, mbegu zinaombewa, hata simu zinaombewa. Ukweli sikumwambia. Nataka Felix akione. Nataka mchungaji akione. Nataka wote wanione nimekikalia.

Jumapili, 11 Mei

Niandike polepole.

Kanisani kwetu kila kitu kina mahali pake. Kitu cha kuombewa hubaki nje uani. Mchungaji hutoka, hukiwekea mikono, mwenyewe huondoka nacho. Kitu cha kutolewa huingia ndani na kupanda ngazi ya madhabahu: kuku, mayai, miwa, mkungu wa ndizi. Kilichopanda ngazi hakishuki na aliyekileta. Kinauzwa kwa mnada au kinabaki kuwa cha kanisa. Hata watoto wa shule ya Jumapili wanalijua hili.

Tumefika, mvua ikashika. Lori liko wazi. Wale wanaume wakakikimbiza kinanda ndani. Chini maji yalikuwa yameshaingia mlangoni, wakatafuta pakavu, wakakipandisha ngazini. Niliona. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Lakini kilivyosimama pale juu, mbao zinang'aa, kwaya nzima imerefusha shingo, Felix amesahau gitaa mkononi! Nikasema moyoni, acha kidogo. Acha wakitazame.

Mchungaji akapanda, akanyoosha mikono. Akamshukuru Mungu kwa familia ya Mzee Andama iliyojinyima ikatoa chombo hiki. Vigelegele. Wanawake wakanikumbatia, mmoja alilia begani kwangu. "Bwana, pokea," akasema. Kanisa lote likasema Amina. Nami nilisema Amina. Kwa kinywa changu mwenyewe.

Mzee hakuwa amekuja, kwa sababu ya goti. Lori likarudi nyumbani tupu. Alilitazama lori, akanitazama mimi. Kisha akatoka akairudisha meza ndani, peke yake, akiburuta mguu.

Jumatatu, 12 Mei

Sikupika. Asiyesikia la mkuu. Mzee amejichemshia muhogo mwenyewe. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda kwa mchungaji. Maneno niliyapanga njia nzima. Akaleta chai, akaleta karanga, akaleta sala ya kufungua mazungumzo. Nikamwambia ilikuwa mvua tu. Nikamwambia sikutoa, nilileta kiombewe. Alinisikiliza kwa ile sura yake ya msibani.

"Mama, kitu imepanda ngazi," akasema. "Watu yote iliona. Mimi nitaambia watu nini? Kwamba Mama Candiru nanyang'anya Mungu?"

Nikauliza basi nani atakipiga. Felix, akasema, vijana wamefurahi sana. Akaongeza akitabasamu kwamba ya kale ni dhahabu. Miaka miwili iliyopita ya kale yalikuwa ya kupumzishwa! Nikazila karanga zake zote, hata nilipokuwa nimeshiba.

Mama aliniita Candiru, yaani taabu, ili kuwachoma mashemeji zake waliomtesa. Mashemeji walikufa zamani. Jina limebaki na mimi.

Jumapili, 18 Mei

Wamekipaka rangi. Kila kitu cha kanisa huandikwa kisiibiwe, mabenchi, ngoma, sufuria. Sasa na ubavu wa kinanda changu, kwa rangi nyeupe, ile ile ya mlango wa choo: MALI YA KANISA. Herufi zimechuruzika. Brashi ilikuwa na mchanga.

Felix alipiga na viatu vyake. Viatu! Hakukanyaga hata sauti moja, aliegesha miguu tu kama mtu aliye kwenye pikipiki. Akabonyeza rumba akaiacha ikimbie yenyewe, kwaya ikabaki kuifukuza. Kile kibonye kinachojisemea kikalia katikati ya sala ndefu, hakuna aliyejua kukinyamazisha. Nilifurahi. Mungu anisamehe, na kama hataki, leo sijali.

Jumatano, 21 Mei

Meza. Vidole. Nimeviweka chini ya mapaja, nikavikalia.

Jumapili, 1 Juni

Sikuenda kanisani. Nimesema tumbo. Mzee amenunua mbuzi mmoja, anamfunga pale pale alipokuwa anamfunga dume. Mbuzi analia siku nzima. Namchukia huyu mbuzi kuliko inavyostahili.

Alhamisi, 5 Juni

Felix amekuja. Peke yake, kwa miguu, kofia mkononi. Sikumpa kiti.

"Mama Mwalimu, ile ya miguu nashinda mimi," akasema. "Mchungaji nasema tu, piga, piga. Watu nacheka. Wewe naweza fundisha mimi?"

Nilimwambia nina kazi, kunde hazijapepetwa. Akasema atasubiri. Alisubiri kweli, akachuchumaa akaanza kutoa wadudu kwenye beseni, vibaya, anatupa na kunde nzima. Nikamwambia hapana. Mara mbili. Hawawezi kuninyang'anya kinanda halafu wanitume na kukifundisha.

Mzee, ambaye hajaniambia sentensi kamili tangu mwezi uliopita, akasema nyuma yangu kwa Kilugbara: "Nenda. Ng'ombe wangu yuko kule. Angalau mmoja wetu awe anamtembelea."

Jumanne, 10 Juni

Somo la kwanza. Kanisa tupu, popo darini, mimi na yeye. Nilimvulisha viatu kwanza, na soksi. Kumwonyesha, lazima nikae mimi. Nikakaa. Nikamwonyesha kirefu, zaidi ya ilivyohitajika. Alichuchumaa sakafuni akatazama miguu yangu na hakunikatiza. Vidole vyake ni vyema sana, miguu ni ya mti.

Tumepatana kila Jumanne. Nilirudi nyumbani sikuisikia njia.

Jumanne, 24 Juni

Nafundisha polepole kwa makusudi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kusoma. Kiswahili nilikinywa kambini, baba akiwa askari, na nyumba hii hakuna mwingine anayekisoma. Siku Felix akijua yote, mimi sina shughuli tena pale. Basi namchagulia nyimbo ngumu. Namwambia rudia, namwambia umekunja kifundo vibaya, namwambia sogea nikuonyeshe tena. Zamu yake ikiwa ndefu natamani apige chafya. Umeme ukikatika katikati ya somo naulaani kila nguzo kutoka hapa hadi Arua Hill.

Jumapili nakaa benchi la nyuma. Nasikia makosa yake yote na ninayapenda, ni kazi yangu ya wiki inayokuja.

Jumanne, 15 Julai

Amepiga mwanzo hadi mwisho. Mikono, miguu, kila kitu. Nilikuwa nimesimama ubavuni, pale penye rangi, namvizia. Mstari wa kwanza, hakuna kosa. Wa pili, hakuna. Mpaka mwisho. Mimi katika umri wake sikupiga hivyo, na katika umri wowote labda.

Nikamwambia vizuri. Neno moja tu. Akashukuru, akasema Mungu anibariki. Habari ya Jumanne ijayo hakuitaja. Sikuuliza. Nina haya zangu. Kabla ya kutoka nilipitisha kiganja juu ya safu ya juu bila kubonyeza, nikajifanya nafuta vumbi.

Namchukia. Si kweli. Ningependa kumchukia, ningelala vizuri.

Jumanne, 22 Julai

Nilikwenda. Nilijiambia nafuata mwavuli niliousahau. Mwavuli uko nyumbani, nyuma ya mlango, na nilipotoka niliuona.

Felix alikuwa ameshaketi, viatu amevua. Hakuniuliza nimefuata nini. Akaanza wimbo ule ule wa wiki iliyopita. Kwenye mstari wa tatu mguu wake ukakanyaga pasipo pake.

Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Anayekosea kweli huangalia mguu wake. Felix aliniangalia mimi.

Masikio yalipata moto. Mimi wa kuhurumiwa? Na huyu? Aliyekalia kiti changu, sasa anikatie kipande chake kama mtu anavyomkatia mgeni mkate. Mlango ulikuwa wazi, njia kavu, hakuna kilichonishika. Nilisimama. Yeye akapiga mstari ule tena, akakosea tena, safari hii vibaya mno, hata mtoto asingekosea hivyo.

"Mama, hii bado nasumbua mimi," akasema, macho kwenye vibonye.

Nikavua viatu. Nikamwambia asogee.

Nimerudi nikakuta Mzee anamenya muhogo. Akauliza kijana anaendeleaje. Nikamwambia ana kichwa kigumu, itachukua muda. Akasema haya, akanisukumia kisu cha pili, tukamenya.