Nabututu wa Ukurasa wa Ishirini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimejiloga mwenyewe! Anti Benta hufunika riwaya zote za kibanda chake cha kukodisha vitabu kwa karatasi ya kaki, maana wale wanaume wasio na shati kwenye majalada huwakera akina mama wa mtaa wetu wa Mamboleo. Na mimi, ili hadithi yangu isijulikane, nikalifunika daftari langu kwa kaki ileile. Nikaliacha mezani, nikaenda chooni. Narudi—halipo! Anti amelikodisha pamoja na riwaya zingine tatu. Kwa nani? Hakumbuki. Shule zimefungwa, wateja tele, na miwani yake ilivunjika tangu Pasaka.

Kurasa sitini na moja za Nabututu, msichana wa Usenge anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, na kumpenda Robinson bila kumwambia neno. Nikilia hapa wataniuliza kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Limerudi! Lilikuwa kwa dada Khadijah, fundi cherehani wa kibanda cha pili. Ameweka alama yake ukurasa wa ishirini, mwezi mdogo wa penseli. Kila msomaji wetu ana alama yake pale, asije akakodi kitabu kimoja mara mbili. Kwa hiyo amenisoma kama kitabu cha kweli. Nimeutazama ule mwezi asubuhi nzima.

Lakini amechoka na Nabututu. "Page sixty bado anaanika omena! Si aseme tu, wallahi?" Halafu akakiri alilia pale Nabututu anapomrudishia Robinson kofia na kukimbia. Akauliza ni nani aliyeandika. Nikasema sijui. Sijui! Mimi!

Kabla sijalificha, Becky, mteja wetu wa kila wiki, akalikodi. Sikukataa. Ukweli ni kwamba nilitaka.

Jumatatu, 11 Agosti

Alama tano sasa. Mwezi, nyota, samaki, herufi B, na kitu kama kijiko.

Leo wamebishana kibandani. Becky anataka msichana mwenye anajiamini, anaingia mahali watu wanageuka. Swaumu, ambaye husema kwa nadra, alisema Nabututu ni yeye kabisa. Nilitaka kumkumbatia, nikapanga vitabu.

Nimewaza sana. Msichana jasiri wa riwaya hujisemea, hukosea, huchekwa, huendelea. Mwoga hukaa kwenye kona mpaka kijana mmoja avuke ukumbi amwambie yeye si kama wengine. Maisha yangu yote nimempenda huyu wa pili. Lakini hasa, nani huja? Nimekaa kwenye kona hii miaka miwili. Wanaokuja huuliza choo kiko wapi.

Jumatano, 13 Agosti

Siwezi kula.

Bridget alilirudisha daftari. Yule wa chuo, mwenye sauti ya kutangulia mlangoni. Becky akamtania: na hii si wewe umeandika? Bridget akacheka. "Mlidhani ni nani?" Basi! Makofi! Hata yeye alishtuka kidogo, nilimwona, lakini makofi ni matamu, hakuyarudisha. Akaahidi kulichukua Jumamosi saa kumi akamalizie. Anasema Nabututu atamzaba Robinson kofi mbele ya wanunuzi wa samaki, kisha atambusu.

Nabututu hawezi kumpiga mtu kofi! Hata nzi kwenye omena huwafukuza polepole.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Nimeshika gundi. Nikaendelea kubandika jalada. Anti akaliweka daftari chini ya meza, akaniagiza nimpe Bridget mwenyewe kwa mkono wangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Ningeweza kuliiba. Ni langu, lakini ningeonekana mwizi.

Simchukii Bridget. Nilipokuwa na homa mwezi wa sita ni yeye aliyeniletea dawa mpaka nyumbani Nyamasaria, akaongea na mama yangu saa nzima. Mama alisema laiti ningekuwa hivyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa kumi kasoro dakika kumi. Naandika nyuma ya rafu.

Dada Khadijah amekuja kurudisha riwaya. Akafungua kitabu cha wateja ili afute jina lake. Mimi ndiye huandika humo, Anti haoni. Akaganda. Akavuta daftari la Nabututu chini ya meza, akaviweka pamoja. "Nasipwondi." Sauti ya chini kabisa. "Hii K yenye mguu mrefu ni yako."

Ameahidi kuniokoa. Bridget akifika tu, atasema yeye. Ana hasira kwa niaba yangu, amekunja mikono ya gauni kabisa.

Nilifurahi mpaka machozi yakaja. Mtu amevuka ukumbi! Ameniona! Kisha nikakumbuka ukurasa wa sitini na moja, Robinson akiondoka na Nabututu amesimama na karai lake. Miezi minne nimeshindwa kuuandika unaofuata. Kila nikianza, mtu mwingine anakuja kumsemea.

Saa kumi. Nasikia kicheko cha Bridget, na Becky yuko naye, na Swaumu. Wote.

Nimemshika dada Khadijah mkono, nikamwambia, "Usiseme." Amenitazama kwa huruma. Anadhani nimeogopa. Nimeogopa, ndiyo. Bridget amenyoosha mkono juu ya meza, anauliza Nasipwondi yuko wapi, ampe daftari lake.

Naweka kalamu chini. Nasimama, nikaseme mwenyewe.