Maji Husikika Kwanza

Saltfen, Lincolnshire
13 Novemba 1994

Kwa mdogo wangu Ivor,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti nimeshalizoea kama mtu anavyozoea mpangaji asiyelipa. Wewe na Lorna mu hali gani? Huko Regina, Kanada, theluji imeshaanguka? Simu usipige. Laini ni mbovu tangu dhoruba ya Oktoba na mafundi hawaonekani.

Wageni wangu wa wikiendi iliyopita walikuwa mwanasheria na shemeji yake, wote ndani ya makoti mapya. Niliwapeleka kinamasini kuwinda kabla hakujapambazuka, nikawalaza ukingoni mwa Hori ya Mjane, mkondo ule unaoingiza bahari, pale pale alipokuwa akitulaza marehemu baba. Tansy alilala katikati yetu. Mara mbwa akainua kichwa, masikio yakasimama, nami nikawaambia, "Wanakuja." Muda si muda bata bukini wakavuka tuta la kuzuia bahari, mstari juu ya mstari, matumbo yao mekundu kwa jua. Mwanasheria akakosa, akakosa tena. Shemeji yake akaangusha mmoja, Tansy akaogelea kumleta.

Ila nimechoka, Ivor. Zamani nikirudi nilikuwa natamani kutoka tena. Siku hizi nikivua viatu vya mpira nakaa jikoni navitazama tu. Tangu mke wangu Enid afariki hakuna wa kuniuliza wageni walikuwaje, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kaka yako,
Clarence


Regina
27 Novemba 1994

Kaka Clarence,

Barua imefika, nikafurahi kuona mwandiko wako bado mbaya vile vile. Sisi tu wazima. Theluji iko magotini, na katika shule nzima ninayoitunza mimi peke yangu ndiye mwenye koleo.

Simu nilipiga hata hivyo, Jumapili. Ukapokea, ukasema "Haloo, haloo, nani?" nami nikapaza sauti mpaka Lorna akatoka bafuni kuuliza kuna moto wapi. Kisha ukakata. Kama laini ni mbovu, mbona mimi nilikusikia vizuri, hadi kikohozi? Waambie watengeneze upande wako.

Bukini weupe wa huku wameshapita kwenda kusini. Si wetu, sikuwatazama sana. Mpe Tansy mfupa, umwambie umetoka kwangu.

Mdogo wako,
Ivor


Saltfen
18 Desemba 1994

Ndugu yangu Ivor,

Nashukuru kwa barua, na kwa picha ya Lorna ameshika koleo lako. Afya yangu haijambo. Simu bado.

Nina habari ya huzuni. Tansy ameishiwa nguvu miguu ya nyuma. Daktari wa wanyama anasema ni uzee tu, lakini asiingie majini tena. Sasa analala mbele ya jiko, na nikichukua bunduki ananitazama, nami naona haya kama mtu anayemtoroka mwenzake.

Jumamosi nilikwenda bila yeye, na wageni watatu. Anga la kijivu, hamna kitu. Nikawaambia, "Leo hawaji, tunyweni chai." Nimeinama namimina, mmoja akanivuta mkono. Kuinua macho, bukini wako juu ya vichwa vyetu, chini kabisa, wameziba mbingu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshika bunduki. Yule mmoja, muuza mikate, akaniuliza, "Mzee, hukuwasikia? Wamepiga kelele tangu baharini huko." Nikamjibu kwamba nilikuwa nawapima kama wako macho. Wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Katikati ya Januari nawategemea mume na mke kutoka Coventry, Desmond na Noreen. Bwana ni dereva wa basi. Itakuwa bamvua kubwa, maji yatafunika kinamasi chote, na unajua bukini wanavyosogea karibu maji yakiwa hivyo. Hiyo ndiyo wikiendi ninayoingojea.

Krismasi njema. Nimenunua ile nyama ya nguruwe ya kujazwa majani, nitaila na Tansy.

Kaka yako,
Clarence


Regina
30 Desemba 1994

Clarence,

Leo utanisamehe, salamu zitakuja mwisho.

Nimetoa barua zako zote kabatini nikazisoma mfululizo. Zamani ulikuwa ukiniandikia bukini wanavyopiga makelele kama watoto waliofunguliwa shule. Ulikuwa ukiniandikia bata wa mluzi, na matope yanavyofyonza viatu, fyo, fyo. Nilikuwa nasoma huku nasikia nyumbani. Tangu mwaka juzi, hamna. Unaniandikia rangi, unaniandikia nani kakosa. Sauti hamna hata moja, isipokuwa hiyo ya muuza mikate. Aliyekuwa akikwambia "wanakuja" ni Tansy, na Tansy sasa yuko mbele ya jiko.

Laini ya simu ni nzima, kaka. Mabovu ni masikio yako.

Kuwa kiziwi si kuwa mwizi, hukuwa na haja ya kujificha, tena kwangu. Lakini kupeleka watu kinamasini siku ya bamvua! Baba alisema nini kila tulipovuka tuta? "Maji husikika kwanza." Wewe unatazama mbele, yenyewe yanapanda horini nyuma ya mgongo wako. Ukungu ukishuka, hayo macho yako yatakufaa nini? Utawazamisha watu wa watu, nawe uzame nao. Waambie wasije. Ama waambie ukweli.

Nakusalimu. Nimekasirika kwa sababu sina kaka mwingine.

Mdogo wako,
Ivor


Saltfen
17 Januari 1995

Ndugu yangu Ivor,

Nakusalimu wewe na Lorna. Mimi ni mzima, na utaona sasa kwa nini nalitaja neno hilo polepole.

Barua yako ilifika Ijumaa, Desmond na Noreen wakiwa mlangoni wanafuta viatu. Niliisomea chooni. Nikataka kuichana. Nikasema, huyu aliyekimbilia Kanada anajua nini kuhusu masikio yangu? Nikaitia mfukoni mwa koti.

Jumamosi alfajiri anga lilikuwa safi. Noreen hapigi bunduki, alikuja kumsindikiza mumewe, na tangu tuta mpaka Hori ya Mjane mdomo wake haukufungwa. Nilijua kwa kumtazama. Kulipokucha ukungu ukaja kutoka baharini, mara sikuona zaidi ya hatua mbili mbele yangu. Kwa saa yangu maji yalikuwa bado. Lakini upepo nao ulikuwa umegeuka, unatoka baharini, na upepo ule huyaleta mapema. Nikageuka nyuma nikatega sikio. Hamna kitu. Ilikuwa kama sikio limezama kwenye mto wa kulalia.

Niliogopa, Ivor. Na kilichoniogopesha zaidi ni yule dereva wa basi, maana alikuwa ananitabasamia, ana hakika kwamba mimi najua. Nikaigusa barua yako mfukoni. Nikasema, "Jamani, mimi ni kiziwi. Nahitaji masikio ya mmoja wenu, sasa hivi."

Noreen akanisogelea uso kwa uso nimsome midomo: "Sasa ndiyo unatuambia? Huku? Jana tunakula mkate wako hukuwa na mdomo?"

"Mama, matusi utanipa baadaye. Nyamaza, sikiliza nyuma yetu."

Mwanamke yule akanyamaza. Akafumba macho. Kisha akanishika mkono. "Kuna maji," akasema. "Kama mtu kafungua bomba chumba cha pili."

Tukaondoka. Mimi mbele, kwa kuwa miguu yangu inaijua njia hata nikifungwa macho, yeye nyuma yangu ameshika koti: akivuta kushoto, maji yako kushoto, akivuta kulia, yako kulia. Hori tuliivuka maji yakiwa mapajani, baridi inauma mpaka mfupa. Desmond alipoteza kofia na chupa ya chai. Ukungu ulipoinuka tulikuwa juu ya tuta, na pale tulipokuwa tumelala palikuwa bahari. Noreen akakaa chini akalia, akaniangushia kofi la bega, kisha akanikumbatia.

Nimewaambia watu wa chama chetu cha wawindaji kwamba sipeleki wageni tena. Wamenipa mkono. Bunduki nimeipaka mafuta nikaifungia. Bado nimechoka, ila huu ni uchovu wa mtu aliyetua mzigo.

Nina ombi. Wakati wa kuaga, Noreen aliniambia kwamba bukini walipita juu yetu ndani ya ukungu ule, ila hakutaka kunisumbua. Nikamwuliza walikuwa wanaliaje. Akasema, "Kama milango mibovu, mingi, inafunguliwa kwa pamoja." Nikambishia, nikamwambia hapana, si hivyo kabisa. Akaniuliza, "Basi vipi?" Maisha yangu yote nimeyamaliza chini yao, Ivor, na sikumbuki. Niandikie wanavyolia.

Kaka yako,
Clarence


Regina
30 Januari 1995

Kaka Clarence,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, Tansy na goti lako.

Nimejaribu kukuandikia hicho ulichoomba. Nikaandika "kama watoto waliofunguliwa shule," nikakumbuka kwamba maneno hayo ni yako, nikachana. Nikatoka mpaka ziwani labda nitapata la kuanzia, nikakuta barafu tupu. Ukweli ni kwamba nami nimesahau. Miaka yote hii nilikuwa nawasikia kupitia barua zako, na ulipoacha kuwasikia wewe, nami nikawapoteza. Nimelia, Lorna ni shahidi.

Lakini bukini wetu hawajaondoka bado, na mimi masikio ninayo. Nakuja katikati ya Februari. Tutakaa juu ya tuta bila bunduki, wewe unionyeshe wanatokea wapi, mimi nikueleze wanasemaje, na nikikosea unibishie kama ulivyombishia Noreen. Mchane Tansy manyoya, nisimkute kama mkeka wa mlangoni.

Tiketi nimeshakata. Usipige simu kunikataza, maana hutasikia nikikujibu.

Mdogo wako,
Ivor