Songi ya Kumi

Malaba, Jumapili, Mei 1975

Mvua ilianza tulipotoka kanisani na mpaka sasa haijaacha. Bati linapiga kelele hivi kwamba siwezi kusikia malori huko barabarani. Afadhali. Leo sitaki kusikia chochote kinachotoka barabarani.

Unajua nina madaftari mawili. Lile la Kiingereza mwalimu hulikusanya kila Ijumaa na kulitia tiki nyekundu, kwa hiyo humo naandika hali ya hewa na kazi za nyumbani. Wewe ndiwe wa Kiswahili, unalala chini ya godoro. Majuma matatu sijakugusa. Niliogopa nikikufungua nitasema ukweli.

Basi nausema. Ile songi ya kumi niliitunga mimi.

Okiru Nyuzi Sita, mpiga gita wa Kocholia ambaye siku hizi hata ng'ambo ya mpaka wanamjua, alikuwa akifanya mazoezi na bendi yake ndani ya stoo, nyuma ya lile duka ambalo dada yangu Konsolata anashonea barazani. Alikuwa ameshatoa santuri ndogo, zile za songi moja kila upande. Mwaka jana kampuni moja ya Nairobi ikamwambia sasa alete santuri kubwa, songi kumi, tano kwa tano. Ila walitaka maneno ya kila songi yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, na maana yake kwa Kiingereza, kabla bendi haijaingia studio. Okiru aliacha shule darasa la nne. Nyimbo zake zote ziko kichwani.

Ni Konsolata mwenyewe aliyenitoa. Alisimamisha cherehani akamwambia Okiru, "Mchukue huyu mdogo wangu. Kuongea hawezi, lakini anaandika kama karani wa forodha."

Wazazi wetu wako shambani Amukura. Hapa Malaba Konsolata ndiye mama yangu. Sare ninayovaa ameishona yeye, na chakula ninachokula kimetoka kwenye cherehani hilo hilo.

Kwa hiyo kila jioni nikitoka shule nilikaa juu ya gunia la maharagwe, Okiru anaimba mstari, mimi naandika. Aliniita Mwalimu, na bendi nzima ikafuata. Mimi, ambaye darasani nikijibu swali ninaambiwa "sauti" mara tatu. Nilikuwa nikitembea kurudi nyumbani najirudia hilo jina moyoni.

Songi tisa zikaandikika. Ya kumi haikuwapo.

"Treni ni Jumatatu," Okiru alisema, "na upande wa pili una songi nne. Watasema nimewaletea sufuria haina kifuniko." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia. "Mwalimu, wewe huna kitu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Kitu nilikuwa nacho, lakini hakikuwa changu.

Konsolata alikuwa na mtu wake, Kazungu, dereva wa lori la chumvi kutoka Mombasa. Kila Alhamisi lori lilisimama kwenye kizuizi likingoja karatasi za kuvuka kwenda Uganda, na kila Alhamisi Konsolata alimpelekea chai kwenye thamosi yetu ya manjano yenye ua jekundu. Ilikuwa hivyo zaidi ya mwaka. Malaba nzima imemwona akivuka barabara na ile thamosi. Kazungu alikuwa ameahidi kwamba ikifika Krismasi atakwenda Amukura kumwona baba.

Halafu Alhamisi moja Konsolata akamkuta mwanamke amekaa ndani ya lori. Kazungu akasema huyu ni mke wangu, amekuja kuona Uganda. Konsolata akafungua thamosi. Akamiminia mume kwenye kikombe, akamiminia mke kwenye kifuniko, akasema, "Karibu, dada." Akarudi nyumbani na thamosi tupu.

Hayo ya mke hakuna aliyeyajua. Alimwambia mtu mmoja tu, Nafula, rafiki yake tangu darasa la kwanza, anayeuza samaki wa kukaanga kibanda cha pili. Walikuwa wamekaa chumba cha mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia napiga sare pasi, na niliposikia niliacha pasi mahali pamoja mpaka kola ikaungua. Alama ipo hadi leo. Konsolata aliniuliza nini kimetokea, nikasema makaa yalizidi.

Jumamosi ile, kabla ya treni, niliandika beti nne. Konsolata nikamwita Melisa. Chumvi nikaifanya sukari. Mombasa sikuitaja kabisa. Nikajiambia, hapo nimemficha. Lakini thamosi ya manjano niliiacha humo, na mke kumiminiwa chai nikakuacha pia, kwa sababu bila hayo songi haikuwa nzuri.

Naandika tena nisije nikajidanganya baadaye. Niliyaacha kwa sababu yalikuwa mazuri.

Nilipomsomea Okiru, vidole vyake vilianza kutafuta sauti kabla mdomo haujasema lolote. Akauliza ni ya nani. Nikasema ya kutunga tu. Sijui kama aliitambua ile thamosi. Alikuwa na haraka ya treni. Alitaka kuweka jina langu kwenye jalada, nikamsihi asiweke, nikaona haya. Siku ile nilidhani huo ni unyenyekevu. Akanipa kalamu yake ya wino, hii ninayoandikia.

Waliporudi walitusimulia mambo ya studio: chumba kilichofunikwa magodoro kutani, mpiga ngoma kafukuzwa pembeni asiwameze wengine, songi moja inarudiwa mpaka vidole vinavimba. Yangu ilirekodiwa mwisho, muda ukiwa umekwisha, mara moja tu. Yule fundi wa kurekodi aliyekaa nyuma ya kioo, alisema Okiru, kwa siku mbili hakuwa amesema neno jema. Baada ya songi ile aliinua kidole gumba.

Nilifurahi juma zima kwa sababu ya kidole cha mtu nisiyemjua.

Santuri zenyewe zilishuka kwa treni majuma matatu yaliyopita, siku ya Jumamosi. Fundi wa redio anayetazamana na baraza yetu akatoa spika mlangoni. Nilikuwa nimekaa miguuni pa Konsolata natia vifungo. Upande wa kwanza ukaisha, watu wakawa wanajaa. Upande wa pili ukafika songi ya mwisho.

"Thamosi ya manjano, chai hiyo ni ya nani? Lori saba zimepita, hakuna anayeshuka."

Ninaona aibu kuandika hili kuliko yote: kitu cha kwanza nilichosikia mwilini kilikuwa furaha. Maneno yangu yalikuwa yakitoka kwenye spika na watu walikuwa wakitikisa vichwa. Hata mguu wa Konsolata ulikuwa ukikanyaga cherehani kwa mapigo ya ngoma.

Ukafika ule ubeti wa mke.

Mguu ukasimama.

Hakulia wala hakuinuka. Alibaki ameshika kitambaa chini ya sindano mpaka wimbo ukaisha, na kule ng'ambo ya barabara mtu akapiga kelele waurudie. Wakaurudia.

Tangu hapo hawezi kuvuka barabara. Mataniboi, wale vijana wanaokaa juu ya mizigo, wanamwita Bibi Thamosi. Juzi mmoja aliinama kutoka juu ya lori akamwambia, "Dada, mimina mbili, mke wangu ako ndani." Lori zima likacheka. Jioni nilimkuta amepanda kiti, anaisukuma thamosi nyuma kabisa ya kabati. Chai sasa tunaichota moja kwa moja kutoka kwenye sufuria.

Na amemhukumu Nafula. Nani mwingine alijua? Jumatatu alikwenda kibandani kwake mbele ya wateja na kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cheupe cha nguo ya ubatizo wa mtoto wa Nafula, kimekatwa tayari, mikono pembeni, kola pembeni, hakuna hata mshono mmoja. Akakiweka mezani kando ya samaki. Nafula alikitazama, akafuta mafuta mikononi, akasema, "Konso. Mimi?"

Konsolata akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika mwavuli wake.

Ubatizo ulikuwa leo. Mtoto alivaa nguo ya kuazima, inamzidi mpaka walikuwa wanatafuta mikono yake. Sisi tulikaa benchi la nyuma. Konsolata hakuinua macho.

Tulipomaliza kula akatoa jalada la santuri. Alikuwa ameliazima kwa fundi wa redio, jalada tu. Nyuma yake imeandikwa kwamba nyimbo zote zimetungwa na Okiru. Akalilaza mezani, akaleta karatasi na bahasha, akaniambia nikae nimwandikie Okiru barua, maana siku hizi amerudi kwao Kocholia.

"Mwambie sitaki pesa na sitaki kesi," alisema. "Nataka jina la aliyempa habari zangu. Jina tu."

Niliandika. Alinitajia salamu zote za mwanzo, za bendi, za watu wa Kocholia, hakuruka hata moja. Akasema nimweleze Okiru kwamba yeye hana ugomvi naye, mwanamuziki huimba anacholetewa. Halafu akatazama mvua akasema, polepole, "Kama ni Nafula, nijue. Na kama si Nafula..." Sentensi hiyo hakuimaliza, na mimi sikuiandika.

Akanitaka nimsomee. Nikasoma yote kwa sauti, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyeniambia niongeze sauti. Akanishika kichwa. "Una mkono mzuri, Rosa," akasema. "Okiru alibahatika kukupata."

Sasa yuko jikoni nyuma, anawasha jiko. Barua niko nayo, niipeleke posta kesho nikienda shule.

Nimefikiri mambo mengi mabaya tangu aondoke. Naweza kuitumbukiza chooni. Naweza hata kuituma, maana barua zetu zinakuja kwa sanduku la shule, na jibu la Okiru litapita mikononi mwangu kwanza. Hakuna njia ambayo Konsolata atajua nisipotaka. Ananiamini kiasi hicho. Nafula atabaki na kosa langu mpaka wazeeke wote wawili, jirani wasiosemezana, na mimi nitaendelea kuitwa mtoto asiyeongea.

Hivi kutoongea kwangu ni haya, au siku zote kumekuwa ni woga wenye adabu nzuri?

Bahasha sikuwa nimeibandika. Nimeitoa ile karatasi. Pale chini, baada ya maneno "jina tu", kulikuwa na nafasi. Nimeandika herufi nne kwa kalamu ya Okiru, na nimeziandika kubwa.

Harufu ya majani ya chai imefika huku. Ameniita mara moja, nikaitika, naye amenisikia juu ya mvua yote hii.

Nangoja wino ukauke, halafu nampelekea.