Masanduku ya Wadudu ya Stephano Hyera

Mwaka umetimia, Baba Flavia, tangu asubuhi ile ya Machi 1995 ulipotutoka hapa Kingerikiti. Nyumba imetulia mno. Hakuna tena wa kuniambia, "Mama, usikanyage hapo," kwa ajili ya kijidudu.

Ulikuwa ukitoka kupalilia kahawa mifuko imejaa viberiti, kila kiberiti na mpangaji wake. Pini uliziomba madukani Mbinga mjini, zile za mashati mapya yaliyojaa siku hizi. Ndani ya masanduku ulitandika kandambili zetu kuukuu ili pini zishike, na nyingine, Mungu anajua, hazikuwa kuukuu. Ulimkunjua kipepeo mabawa ukiwa umebana pumzi, kisha ukamwandikia alikotoka.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja na malori, watu walikimbilia bei. Wewe ulikimbilia mbele ya lori kubandua wadudu walionasa kwenye rejeta. Dereva alicheka weee, kisha akashuka kukusaidia. Waliokunong'ona kuwa ni uchawi uliwakaribisha ndani, wakatoka wakisimulia rangi za vipepeo. Hukumdharau mtu, mume wangu, na hilo tunatembea nalo vifua mbele.

Baada ya matanga ukoo ulikaa kugawa vitu vyako, kama ilivyo desturi. Makoti yakagawanywa, majembe yakagawanywa, na masanduku yako nayo, kila ndugu moja. Nilisema hayo hayagawanyiki, ni kazi moja ya maisha yako. Hawakuwa na ubaya. Kila mmoja alitaka kubaki na kitu chako. Lakini niliumia sana, maana nilijua mvua zikianza, kuvu na sisimizi watayamaliza.

Mvua zilipoanza, mdogo wako Othmar alikuwa wa kwanza kurudisha lake. Dada yako Bonifasia akafuata: "Wifi, hawa wanataka mtu wao." Flavia wetu, aliyekuwa akimkimbia hata panzi, ndiye sasa anayewawekea nafthalini ya kufukuza sisimizi na kufuta vioo vya masanduku. Likabaki sanduku moja tu, la kaka yako Tadei kule Lituhi, kando ya ziwa. Lile nililikatia tamaa.

Juma lililopita Tadei alifika nalo mwenyewe, amelifunga kwa kitenge. Hakuna hata bawa moja lililoliwa. Pembeni mwa wadudu wako yupo kerengende mgeni, amechomwa pini kombo, na chini yake Tadei ameandika: Lituhi, ufukweni.

"Shemeji," aliniambia, "nilikuwa nawaangalia kila siku. Mwishowe nikajikuta natafuta na mimi."

Flavia alitaka kumnyoosha yule kerengende. Nimemkataza.

Unakumbukwa na mkeo Scholastica, wanao Flavia na Cletus, kaka yako Tadei, mdogo wako Othmar, dada yako Bonifasia, na ukoo wote wa Hyera. Pumzika kwa amani, Stephano. Hatutachoka kukukumbuka, daima.