Mume Anayepima Kijiti cha Mkewe kwa Kucha

Mpendwa Shangazi Juwairiya, pokea salamu za fundi breki wa Bugembe, hapa Jinja, na kabla sijalia mbele yako acha nijisifu kidogo, maana mimi ni mtu wa bahati: lori la Mombasa likichoka breki halinipiti, nimelala Malaba mpakani, nimekula nyama Eldoret, najua lugha sita na matusi ya saba, na wivu mimi nausikia kwa majirani tu.

Sasa naomba msaada. Mke wangu Nabifo anauza mitumba soko la Nakaloke, kule Mbale, mimi naenda kwake nikipata nafasi, mtoto bado ananyonya, basi wakati wa Pasaka namshika mkono kwa mapenzi tu nikagusa kitu kigumu chini ya ngozi, upande wa ndani juu ya kiwiko, kama njiti ya kiberiti, nikaruka, nikasema mama, umechomwa na nini, akacheka: "Baba Nangila, hicho ni kijiti cha kupanga uzazi, nesi kaniwekea." Eti vidonge anasahau akikimbilia marobota alfajiri, sindano inamrudisha foleni kila miezi mitatu, na kondomu, "wewe kila siku umeziacha kwenye suruali nyingine."

Maneno mazuri, lakini niliporudi Bugembe nikawaza: mimi niko Jinja, yeye yuko Mbale, hiyo mimba anaizuia ya nani? Na pale sokoni, kibanda cha pili kutoka chake, yuko Mkenya mmoja, Gordon, fundi simu, ana meno meupe na muda mwingi.

Shangazi, mimi ni fundi. Kitu kinachofanya kazi kinalika. Breki ya lori linaloteremka milima inaisha, ya lori lililolala haiishi. Basi kila nikifika Nakaloke, kabla hata ya chai, nabonyeza kijiti, napima kwa kucha. Jumamosi nikapima, kimepungua! Na mimi mwezi mzima sikwenda. Nani kakitumia? Nabifo akaupokonya mkono wake: "Pima akili yako, Baba Nangila, hiyo ndiyo imelika." Nikamwambia akakitoe au arudi kwa mama yake. Akasema, "Kodi ya chumba nalipa mimi. Nani anarudi?"

Sili, silali, juzi nimefunga gurudumu la watu nikasahau nati mbili. Na ile ya wivu kuusikia kwa majirani ni uongo mtupu. Wivu unalala kwangu.

Wabwire, Bugembe

*

Wabwire, kwanza mtafute mwenye hilo lori ukafunge nati zake.

Nimecheka, kisha nikamhurumia Nabifo. Kijiti si breki, bwana. Hakiliki kwa kulala na mtu, awe wewe au malaika. Kinatoa dawa kidogo kidogo, siku unayokuja na siku usiyokuja, mpaka miaka yake iishe, na siku kikitolewa, akitaka mtoto anaweza kupata. Ukikiona kifupi, ni mkono umenenepa au kucha yako imepotea njia.

Unauliza anazuia mimba ya nani. Yako! Unatokea Nakaloke kama mvua, bila taarifa, halafu ulitaka mwanamke mwenye mtoto titini awe anameza vidonge kwa kukukisia? Amechagua kitu kisichokungoja wewe. Mwingine sindano inamfaa, mwingine vidonge, kila mwili na mambo yake. Yeye alikwenda akauliza. Wewe uliuliza kucha.

Gordon simjui, ila meno meupe si ushahidi. Ukimshuku mkeo, mwulize mdomo wake, usiulize mkono. Na kijiti hakizuii Ukimwi, kwa hiyo wewe uliyelala Malaba, nendeni mkapime wote wawili, wewe ukitangulia.

Najua inauma. Mtu akikaa mbali na anayempenda, kichwa kinasafiri kuliko malori. Lakini safari hizo Nabifo hajakutuma, na anayeweza kumpoteza ni wewe, si Gordon.

Ijumaa nenda Mbale. Mpigie simu kwanza, useme unakuja. Ukifika, mwambie yale ya kurudi kwa mama yake umeyafuta, umwombe radhi mtoto akiwa hapo hapo. Kisha mwombe akupeleke kwa nesi wake, umwulize yote, hata lile la breki, acha akucheke. Kijiti kitatoka siku Nabifo akitaka, kwa mkono wa nesi, si kwa kelele zako. Na ukitamani kumshika mke wako mkono, mshike kiganja.