Mbili Nukta Saba

Kitengela, Jumamosi

Dada yangu Mwende,

Nilidanganya kazini, na mpaka sasa hakuna anayejua ila mimi, na wewe ukimaliza mstari huu. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yenu mama huishika na husoma kila kitu. Mama Kioko, jirani yenu aliyepita huku leo na anayerudi huko kesho, ndiye atakayekuletea. Nilitaka kuuliza kwanza kama kifua chako kimepona na kama mvua imefika, lakini ningejaza ukurasa kwa salamu halafu nikose ujasiri. Kwa hivyo nakusalimu hapa katikati. Je, kifua kimepona?

Maabara ninayofagia na kuandikisha wagonjwa ni chumba kimoja na dirisha. Anayepima ni Bwana Sankale. Watu humwita Daktari ingawa husema yeye si daktari. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, lazima ajue kama mashine ya kuhesabu damu inasema ukweli. Kuna vichupa maalumu vya damu vya kazi hiyo, lakini vikiisha hujitoa damu yake mwenyewe, kwa kuwa ni mzima na anazijua namba zake. Husema, "Mashine ikisema mimi ni mgonjwa, basi mashine ndiyo mgonjwa."

Wiki tatu zilizopita vichupa viliisha, naye akaja na homa. "Leo nikijipima chembe nyeupe za damu zitakuwa juu," akasema. "Mwikali, leta mkono. Wewe uko mzima kama ndama."

Aliiweka damu yangu kwenye mashine, mtu akagonga dirisha, akaenda kumsikiliza. Akaniuliza akiwa kule kule, "Nyeupe ngapi?"

Skrini ilisema mbili nukta saba. Karatasi tunazowapa wagonjwa zimeandikwa kwamba kawaida ni kuanzia nne hadi kumi na moja.

Nikasema, "Tano."

"Tano na ngapi?"

"Tano nukta mbili."

Akaandika kitabuni. Mimi nikaikunja karatasi iliyotoka kwenye mashine nikaificha ndani ya soksi.

Sijui kama utanielewa. Kuna mzee wa Isinya ambaye hupimwa kabla ya kupewa dawa za saratani. Chembe zake nyeupe zikishuka hivyo hurudishwa nyumbani bila dawa, na mkewe hutoka akiangalia chini. Tena msichana aliyekuwa hapa kabla yangu aliachishwa kazi kwa kuugua-ugua. Yote hayo yalinijia kwa pamoja, na mdomo ukasema tano.

Asubuhi hiyo hiyo akaja mama kijana kutoka Kisaju na mtoto mgongoni anayechemka kwa homa.

"Yeyo, takwenya," Bwana Sankale akamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu, lakini macho yalikuwa kwenye sindano.

Mashine ikasema chembe nyeupe za mtoto ni nane nukta moja. Kawaida kabisa. Hapo nikaigusa soksi yenye ile karatasi. Kama ile mbili nukta saba ilikuwa kosa la mashine, basi mashine ilikuwa inasoma nusu tu. Mtoto angekuwa na kumi na sita, dalili ya maambukizi makali, nasi tungempa mama yake karatasi ya kumtuliza. Kwa sababu ya tano yangu.

"Daktari," nikasema, "huyu mtoto mhesabu kwa hadubini."

"Kwa nini?"

"Nahisi tu."

"Mwikali, hapa hatuhisi. Hapa tunapima. Ukitaka kuhisi nenda uuze mitumba." Lakini aliniangalia usoni, akachukua kioo cha kuhesabia.

Huchanganya damu na maji ya dawa yanayopasua chembe nyekundu ili nyeupe zibaki peke yake. Kisha hutia tone kwenye kioo hicho kinene kilichochorwa miraba midogo sana, akahesabu zilizo kwenye miraba ya pembeni, kwenye kona zake nne. Nilisimama nyuma yake nikisikia kidole kikibonyeza kihesabio.

"Mia moja hamsini na nane. Mara hamsini, elfu saba na mia tisa, yaani saba nukta tisa. Mashine iko sawa. Umetulia sasa?"

Nikasema nimetulia. Akamweleza yule mama kwamba namba peke yake haitoshi, lazima daktari aliyemtuma amsikilize mtoto kifua. Siku tatu baadaye nilimwona mtoto huyo sokoni akitafuna andazi.

Nilielewa jioni, nikiosha vioo. Kama mashine ilikuwa sawa kwa mtoto, ilikuwa sawa kwangu pia.

Tangu hapo, dada, naishi na hiyo namba. Nimewaza kila ugonjwa, hata ule ambao nyumbani hatuutaji. Sina homa, nakula vizuri, lakini usiku nashika shingo nikitafuta uvimbe. Huku sina wa kumwambia. Natoka kanisani bila mtu kuniuliza jina. Wiki iliyopita nilisikia mama mmoja akiuza ndengu kwa Kikamba, nikasimama hapo nikijifanya nachagua, ili tu nimsikie akiongea.

Juzi nilimuuliza Bwana Sankale, "Mtu akiwa na mbili nukta saba na haumwi?"

"Inategemea. Watu weusi wengi wamezaliwa nazo chache na ni wazima. Zile namba za karatasi zilitoka kwa kupima watu wa mbali. Mwingine ni dawa anazokunywa, mwingine kweli ni ugonjwa. Unampima tena, unaangalia ni aina gani ya chembe imepungua, unamuuliza mwenyewe. Kwani ni nani?"

"Nilisoma tu mahali."

Kumbe siwezi kujua kwa kuwaza. Lazima nitoe mkono tena. Vichupa viliisha tena jana, na Jumatatu nitamwambia anitoe damu mimi. Nitamwonyesha pia karatasi ya kwanza, hata kama atanifukuza, kwa sababu kitabu chake kina uongo wangu na yeye hukiamini.

Msalimie susu, umwambie mjukuu wake anakula. Msalimie mjomba Mutua anayetuchungia mbuzi, na mumeo, na watoto. Mama msalimie sana.

Lakini mama asijue, tafadhali. Akijua atapanda gari siku hiyo hiyo, na nikimwona mlangoni nitalia nirudi naye kabla sijapimwa. Ichome barua hii ukimaliza. Akikuuliza habari zangu, mwambie niko salama, wala usishushe macho.

Mdogo wako,
Mwikali